Kanisa Halijasema Mzae Mpaka Mchoke
Hapa Malindi bado utasikia: Mkatoliki hana ruhusa ya kupanga uzazi, azae anavyojaliwa. Si kweli. Waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968 unawaruhusu wanandoa wenye sababu nzito kuahirisha mimba kwa kujizuia siku ambazo mke anaweza kushika mimba. Unachokataa ni vidonge, kondomu na mfano wake.

Kwa wanaojizuia hivyo, kinacholeta mimba zisizotarajiwa mara nyingi ni kuhesabu siku 14 tangu hedhi ianze kwenye kalenda ya ukutani. Yai huishi saa 12 hadi 24, lakini mbegu za kiume zaweza kukaa mwilini hadi siku 5, na si kila mwezi yai hupevuka siku ileile. Mke aangalie ute wa ukeni kila siku: ukiteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, hizo ni siku za kushika mimba, na mume naye ajue kuzisoma. Asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, mke apime joto la mwili. Likipanda kama nyuzi 0.2 na kubaki juu siku 3 mfululizo, ute nao umekauka, yai limeshapita. Homa ya malaria au zamu ya usiku hotelini huvuruga kipimo. Siku hiyo itiwe alama, isihesabiwe.