Mtendaji wa Kata Hatoi Talaka: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kufungua Shauri la Kuvunja Ndoa

Tangu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ilipozinduliwa mwaka 2023, migogoro ya ndoa imekuwa miongoni mwa mambo yanayoletwa kwa wingi kwenye meza za msaada wa kisheria, sambamba na ardhi, mirathi na matunzo ya watoto. Kinachotusikitisha sisi tunaowapokea wananchi hao ni kwamba wengi hawaji kuuliza waanzie wapi. Wanakuja shauri likiwa limeshatupwa, nauli zimeshatumika, mashahidi wameshachoka, na kosa lenyewe ni hati moja ambayo ilitakiwa kupatikana kabla ya hatua ya kwanza.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara, ambako ndoa zote, ziwe za Kiislamu, za Kikristo, za kimila au za kiserikali, zinaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Zanzibar ina utaratibu wake, na ndoa za Waislamu huko hushughulikiwa na Mahakama za Kadhi. Msomaji wa Unguja au Pemba asiyatumie haya kama mwongozo wake.

Tuanze na jambo ambalo tungependa lisihitaji kurudiwa, lakini linahitaji. Ukiacha kifo, na ukiacha talaka zilizotolewa nje ya nchi ambazo zina masharti yake ya kutambuliwa, ndoa halali huku Bara inavunjwa na mahakama tu. Makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mtendaji wa kata na kugongwa muhuri hayavunji ndoa. Kikao cha wazee wa pande mbili hakivunji ndoa. Kukaa mbalimbali miaka 10 hakuvunji ndoa, hata kama kila mmoja ameshaanza maisha yake na majirani wamezoea. Uamuzi wa mahakama ya kanisa kwamba ndoa haikuwa halali una uzito wake ndani ya kanisa, ila kwenye daftari la serikali watu hao bado ni mume na mke. Na Muislamu aliyetamka talaka, au aliyeiandika akamtumia mkewe kwa simu, amefanya jambo lenye maana katika dini yake. Mbele ya sheria ya nchi talaka hiyo haijakamilisha kitu mpaka mahakama itoe amri.

Wananchi hutuuliza: sasa kuna ubaya gani, ikiwa wenyewe tumekubaliana? Ubaya huonekana siku ya mirathi. Mume aliondoka Songea, akahamia Dar es Salaam, akaishi na mwanamke mwingine miaka mingi, wakajenga. Anapofariki, mke wa Songea anafika na cheti cha ndoa ambacho hakijawahi kufutwa na mahakama yoyote. Huyo ni mjane halali, na karatasi ya mtendaji aliyohifadhi marehemu haitamzuia. Vilevile, mwanamke aliyeolewa akifunga ndoa nyingine kabla ya amri ya mahakama, au mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja akifanya hivyo, ndoa hiyo ya pili ni batili na kitendo chenyewe ni kosa la jinai. Kujitetea kwamba "tulishaachana kwa maandishi" hakumsaidii.

Baraza la Usuluhishi wa Ndoa

Hapa ndipo mashauri mengi yanapokwama, hivyo tuvumiliane nikieleza kwa urefu. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinazuia mtu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na Baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Mabaraza hayo yapo ngazi ya kata. Sheria pia inaruhusu jumuiya za dini kuwa na mabaraza yao yanayotambuliwa, ndiyo maana Waislamu wengi hupitia BAKWATA na baadhi ya Wakristo hupitia mabaraza ya makanisa yao. Baraza huundwa na mwenyekiti pamoja na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Mchungaji mmoja, shehe mmoja au mjumbe wa nyumba kumi akikaa peke yake na wanandoa sebuleni, hilo si Baraza, hata kama usuluhishi wake ulikuwa wa busara.

Mgogoro hupelekwa kwenye Baraza la kata anayoishi mume, au, kama mume haishi nchini, kata anayoishi mke. Wanandoa wa jumuiya moja ya dini yenye Baraza linalotambuliwa huenda huko. Mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mbele ya Baraza. Ndugu wa familia anaweza. Baraza litawaita wote wawili, litawasikiliza, na linaweza kuahirisha kikao ili watu wakatafakari. Kazi yake ni kupatanisha. Halitoi talaka. Haligawi nyumba, wala halipangi mtoto akae na nani kwa amri, ingawa linaweza kuweka mapendekezo yake kwenye hati ili mahakama iyaone. Tumewahi kuletewa "hukumu" za Baraza zinazosema mke achukue kabati na mume abaki na kiwanja. Karatasi ya namna hiyo haina nguvu, na tunawaomba wenyeviti wa mabaraza waache kuziandika, kwa sababu mwananchi huondoka nayo akiamini ameshamaliza.

Upatanishi ukishindikana, Baraza linatakiwa kutoa hati, ile inayofahamika kama Fomu Namba 3, inayoeleza matokeo na kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Iangalie kabla hujaondoka. Majina yenu yawe sahihi, tarehe iwepo, sahihi iwepo, na maneno ya kwamba Baraza limeshindwa kuwapatanisha yawepo waziwazi. Barua inayosema tu "tunamleta kwenu mlalamikaji kwa hatua zaidi" haitoshi. Mahakama ya Rufani imeshasema mara kwa mara kwamba shauri lililofunguliwa bila hati halali ya Baraza limefunguliwa kabla ya wakati wake, na mwenendo mzima unaweza kufutwa hata kama mahakama za chini zilishatoa talaka na kugawa mali. Fikiria umeshahama, mali imeshauzwa, halafu miaka kadhaa baadaye unaambiwa bado ni wanandoa na muanze upya kwenye kata.

Hati hiyo pia ina muda. Maombi ya talaka yaambatane na hati iliyotolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Ukipata hati mwezi Januari ukaiweka kabatini mpaka Desemba, utarudi kwenye Baraza. Na wapo wanaoona njia ya mkato ni kubadilisha tarehe, au kununua hati kwa mtu anayezunguka nje ya jengo la mahakama. Kughushi nyaraka ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ya jumla ni kifungo cha hadi miaka 7. Hakuna sababu ya mtu aliyekuja kutafuta talaka kuondoka na kesi ya jinai.

Sheria haikusahau wale ambao mwenzao hapatikani. Huhitaji kupitia Baraza ikiwa mwenzako amekutelekeza na hujui aliko; ikiwa anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi 6 baada ya kufungua shauri; ikiwa aliitwa na Baraza akakataa kwa makusudi kufika; ikiwa amefungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka 5; ikiwa ana ugonjwa wa akili usiotibika; au ikiwa mahakama itaridhika kwamba yapo mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Sababu hizi unazieleza kwenye maombi yako na kuzithibitisha. Kuzijua moyoni hakutoshi.

Jambo moja lisichanganywe na hili. Mtu anayepigwa haambiwi asubiri kikao cha Baraza. Sheria ya Ndoa yenyewe inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, pata PF3, yaani fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, tibiwa. Kiongozi wa mtaa anayemrudisha mwanamke nyumbani ili "mkayamalize" anahatarisha maisha ya mtu.

Mahakama gani, na kwa sababu gani

Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Kwa mwananchi wa kawaida, Mahakama ya Mwanzo ndiyo iliyo karibu na yenye gharama ndogo. Kwa Dar es Salaam kipo Kituo Jumuishi cha masuala ya familia Temeke, kinachokusanya ngazi hizo za mahakama na huduma nyingine chini ya paa moja kwa ajili ya mirathi na ndoa. Asiye na uwezo wa kulipa ada anaweza kuomba asamehewe, na ombi hilo linahitaji uthibitisho wa hali yake, kwa kawaida barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, unahitaji kwanza kibali cha mahakama, na kibali hutolewa pale tu unapoonyesha kwamba unapata mateso yasiyo ya kawaida. Baada ya miaka 2, swali linabaki moja: je, ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka? Kifungu cha 107 kinataja mambo yanayoweza kuthibitisha hilo, yakiwemo ugoni, ukatili, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi, kutengana kwa hiari kwa angalau miaka 3, na kubadili dini pale ambapo wote walikuwa wa dini moja wakati wa kuoana. Kwa ndoa ya Kiislamu, ikiwa Baraza limethibitisha kushindwa na baada ya hapo mmoja akafanya tendo linalovunja ndoa katika sheria ya Kiislamu, mahakama itaona ndoa imevunjika na kutoa talaka. Zingatia neno "baada ya hapo". Talaka ikitamkwa kwanza na Baraza likafuatwa baadaye, utaratibu umegeuzwa.

Si kila anayeshindwa kuishi na mwenzake analazimika kuomba talaka. Mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana, ambapo wanandoa hawalazimiki kuishi pamoja lakini ndoa inabaki. Wakatoliki wengi, na watu ambao bado hawajaamua, wanaifaidi njia hii, na inasikitisha kwamba ni wachache sana wanaoijua.

Kuhusu mali, tunaomba kauli ya "nusu kwa nusu" iwekwe kando. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa, ikizingatia mchango wa kila mmoja, madeni ya familia, mila za jamii yao na mahitaji ya watoto, na baada ya hayo yote ndipo ielemee kwenye usawa. Mchango si fedha tu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani na ulezi wa familia zinahesabika kuwa mchango. Nyumba iliyojengwa kabla ya ndoa nayo inaweza kuingia ikiwa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa juhudi za wote. Lakini ni lazima uthibitishe. Watu huja mahakamani na orodha ndefu ya mali bila mkataba wa mauziano, bila risiti, bila kitabu cha VICOBA au taarifa ya mkopo wa SACCOS, bila fundi wala jirani aliyeona ujenzi, kisha hulalamika kwamba hakimu amependelea. Anzeni kukusanya nyaraka kabla ya kufungua shauri. Na ikiwa mwenzako anataka kuuza nyumba mnayoishi shauri likiendelea, hana ruhusa kufanya hivyo bila ridhaa yako. Unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati.

Kwa watoto, kinachotangulia ni maslahi ya mtoto. Ipo dhana, inayoweza kupingwa kwa ushahidi, kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 hukaa na mama. Haisemi kwamba akitimiza miaka 7 baba huja kumchukua kama mzigo uliohifadhiwa. Na matunzo ni wajibu wa baba hata kama mtoto haishi naye.

Hukumu ikitoka, omba nakala ya hukumu na ya amri ya talaka zilizogongwa muhuri, uliza siku hiyohiyo ukomo wa muda wa rufaa, kisha peleka amri hiyo RITA, wakala wa serikali wa usajili, ili talaka isajiliwe.

Msaada wa kisheria chini ya Sheria ya mwaka 2017 ni bure. Wasaidizi wa kisheria wapo kwenye kata nyingi na watakusaidia kuelewa utaratibu na kuandaa nyaraka, lakini hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani kama mawakili wala kukutoza chochote. Anayekuomba "hela ya fomu" au "hela ya kumwona hakimu" mtolee taarifa kwa msajili msaidizi wa msaada wa kisheria kwenye halmashauri yako, ukiwa na jina lake na tarehe aliyokuomba.