Mboga za maji wakati wa kaskazi: wanavosema watu Malindi na vile ilivyo kweli

Kila nikisema nalima kwa haidroponiki hapa nyumbani Malindi, lazima atokee mtu aniulize, "kwani ni bangi?" Manake kwenye video ndo ameona hivo. Hebu tulimalize hilo kwanza. Bangi Kenya imekatazwa, kuna sheria ya mwaka 1994, na haijalishi umeipanda mchangani au kwenye maji. Lakini haidroponiki yenyewe ni njia tu ya kulisha mmea kwa maji yenye virutubisho badala ya udongo, na jina hilo lilienezwa miaka ya 1930 na William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, na yeye alikua anakuza nyanya. Mimi nakuza mchicha, sukuma na mrehani, nje uani, Desemba mpaka Machi, wakati mashamba yamekauka na mahoteli yamejaa.

"Lazima uwe na grinihausi, pampu na stima." Hapana jamani. Grinihausi ya plastiki huku kwetu Januari ni tanuri. Kinachotakiwa ni neti ya kivuli na upepo upite. Pampu pia si lazima, Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieleza njia isiyo na pampu kabisa: ndoo yenye mfuniko, maji ya virutubisho ndani, mche umekaa juu kwenye kikopo chenye matundu, maji yakipungua panabaki nafasi ya hewa na mizizi ya juu inapumulia hapo. Kosa la watu ni kujaza tena mpaka juu, yaani unaizamisha mizizi iliyokwisha kuzoea hewa.

Sasa kuna hii inayoniuma zaidi, "udongo haupo kwa hivo magonjwa hakuna." Nilimuamini alieniambia, na kaskazi yangu ya kwanza nikaweka dumu jeusi la lita 100 juani, letusi zikawa zinanyauka saa saba mchana na mizizi imo ndani ya maji, nikaongeza mbolea nikidhani zina njaa. Nilipong'oa mmoja mizizi ilikua ya kahawia, ina utelezi na harufu ya tope, ukiivuta kwa vidole ganda linatoka kama soksi unabaki na uzi mwembamba mweupe. Hiyo ni pithiamu, kijidudu mfano wa kuvu kinachoozesha mizizi, na kinapenda maji ya moto yasiyo na hewa. Maji ya nyuzi 20 yanashika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 yanabaki na 7.5 hivi, na huku mizizi yenyewe ikipata joto inataka kupumua zaidi, kwa hivo mmea unakosa pumzi ndani ya maji. Dawa yake ni kupooza maji, si mbolea. Dumu nimelifukia mpaka shingoni, juu nimeezeka makuti, na pembeni gunia ninalolilowesha asubuhi na mchana, ni akili ileile ya mtungi wa bibi unaopoza maji kwa kutoa jasho. Saa nane tia mkono, ukihisi kama maji ya kuogea mtoto basi bado.

"Maji ni maji, chota kisimani." Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na kwenye dumu chumvi haina pa kwenda, mmea unakunywa maji unaiacha, kila siku inazidi. Letusi inataka EC, yaani kipimo cha chumvi na mbolea iliyoyeyuka majini, ya 1.2 mpaka 1.8 mbolea ikishatiwa. Sasa kisima chako kikisoma 2 kabla hujatia chochote, utatia wapi? Kinga maji ya mvua ya masika kutoka kwenye mabati, ama changanya nusu kwa nusu na upime tena. Hata makumbi ya nazi tunayotumia kushikilia miche, yale yaliyofukiwa ufuoni kwa kazi ya kamba yamelewa chumvi, yaoshe mara tatu nne kwa maji baridi ya kunywa.

Kuhusu mbolea ya dukani ile ya shambani, urea inategemea bakteria wa udongoni kuigeuza, kwenye ndoo inakaa tu. Chukua ya haidroponiki inayokuja sehemu mbili, A na B, na usizichanganye zikiwa nzito bado hazijatiwa kwenye maji mengi, manake kalsiamu inashikana na salfeti na fosfeti inakua unga mweupe chini, hiyo ndo pesa yako imelala pale. Na wale wanaosema ni mboga za kemikali, mmea hata shambani unanyonya naitreti hiyohiyo iliyomo kwenye mbolea hii.

La mwisho ni hili la kuwa ukiwa na maji unapanda chochote msimu wowote. Nyanya zinatoa maua zinayaangusha kwa joto la usiku, bora mchicha, mrehani na pilipili, hao ni watoto wa jua. Letusi juu ya nyuzi 30 mbegu inagoma kuota na watu wanamlaumu muuza mbegu. Mimi naikunja kwenye kitambaa kibichi naiweka chini ya mtungi wa maji ya kunywa, mle jikoni penye kiza, usiku wa pili au wa tatu inachungulia.