Je, wajua kwa nini herufi iliyovaa kofia haikai kichwani?

Mfungulie mtoto wa miaka 3 ukurasa wa S katika kitabu chake cha alfabeti. Kabla hujatamka neno, ameshapiga kelele: "Simba!" Ukurasa wa T: "Tembo kavaa viatu!" Anakimaliza kitabu kizima hivyo, na msomaji anajisemea moyoni kwamba alfabeti imeingia. Sasa ziba picha kwa kiganja, ibaki herufi peke yake. Mara nyingi mtoto atakukodolea macho tu.

Wengi wetu tuliamini kinyume. Herufi ni kubwa, nyekundu, na ukurasa ameutazama usiku hadi usiku, ataachaje kuiona? Kosa hili ni la mtu anayejua kusoma. Yeye hawezi kuona neno asilisome, hata akitaka, kwa hiyo hudhani macho ya mtoto nayo huvutwa na maandishi. Hayavutwi. Mwaka 2005 watafiti wa Kanada, Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin, walifuatilia kwa kifaa macho ya watoto waliokuwa wakisomewa vitabu vya picha. Macho yalikaa kwenye picha karibu muda wote, na kubadilisha mtindo wa maandishi hakukusaidia kitu. Watoto waliopimwa walikuwa wachache, lakini jambo lenyewe limeonekana tena katika tafiti nyingine. Kwa hiyo "simba" ni jina la picha. S haikuhusika.

Ila kuna sababu ya pili, na ndiyo yenye vituko. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Judy DeLoache, alichapisha jaribio la chumba kidogo cha mfano. Mtoto aliona mdoli mdogo akifichwa ndani yake, kisha akaambiwa mdoli mkubwa kafichwa mahali palepale katika chumba halisi. Wa miaka 3 walikwenda moja kwa moja. Wa miaka miwili na nusu walihangaika, ingawa walikumbuka vizuri alipo yule mdogo. Kwao chumba kidogo kilikuwa mchezo, hakikuwa alama ya kingine. Baadaye kikawekwa nyuma ya kioo wasiweze kukigusa, na wadogo wakafanya vizuri zaidi! Wale wa miaka 3 walioachiwa wakichezee kwanza, wao wakaharibu.

Alama ni kama kioo cha dirisha: kazi yake ni kuyapitisha macho yafike upande wa pili. Kichore maua, macho yataishia kwenye maua. Herufi yenye kofia, masharubu na ulimi ni kioo kilichochorwa. Mtoto anakutana na kiumbe cha kuchekesha, na kiumbe hakihitaji kuwakilisha sauti yoyote. Ndiyo maana mwaka 2013 Cynthia Chiong na DeLoache waliona watoto wa karibu miaka miwili na nusu hadi 3 wakijifunza herufi zaidi kwa kitabu cha kawaida kuliko chenye vipande vya kuvuta na kufunua.

Hata hivyo, picha si adui daima. Linnea Ehri na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba picha iliyoungana na umbo la herufi husaidia, mradi jina la kitu lianze na sauti hiyohiyo. Sharti hilo ndilo huvunjwa katika vitabu vilivyotafsiriwa: nyoka (kwa Kiingereza "snake") kajikunja kama S, mtoto anasema "nyoka", na S imebaki yatima. Kagua pia mbuzi kwenye M, ng'ombe kwenye N na shoka kwenye S. Herufi ya kwanza ni sahihi, lakini sauti anayoisikia mtoto ni mb, ng' na sh.

Kitabu cha kuchekesha usikitupe. Kisome chote kwanza, mcheke. Kisha rudi kwenye ukurasa mmoja, mbili zikizidi, ukianza na herufi ya kwanza ya jina la mtoto. Ziba picha. Pitisha kidole chake juu ya herufi huku ukivuta sauti, "sss", usiseme "se". Funua: "Sss... simba." Halafu mwulize iko wapi nyingine kama hiyo kwenye ukurasa. Nusu dakika inatosha. Akianza kupiga miayo, acha, kwa kuwa swali la mtihani kitandani humfanya akichukie kitabu. Herufi zenye kishindo kama B na T hazivutiki. Usiseme "bbb", nenda moja kwa moja kwenye "ba, bata".

Kurasa za Q na X zipitie kwa kicheko tu. Hakuna neno la kawaida la Kiswahili linaloanza nazo, na mchoraji huwa amehangaika vya kutosha.