Mtu anayewajibika: maana yake kwa muuzaji mdogo wa mtandaoni

Mtalii akitoka Fort Jesus akaingia vichochoro vya Mji wa Kale, akanunua chetezo cha udongo, akakizongazonga kikoi na kukitia begini, biashara imekwisha hapohapo. Kimeuzwa Mombasa. Kikimpasukia nyumbani kwake Munich, sheria ya bidhaa ya Ulaya haimhusu aliyekiuza. Lakini tuseme jirani yake amekipenda, akaona picha za vyetezo vyako mtandaoni, akaagiza kimoja. Kimefinyangwa na mkono uleule, kimechomwa tanuri moja na kile cha kwanza, ila hiki sasa kinahesabiwa kuwa kimeingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya. Na tangu tarehe 13 Desemba 2024, chetezo kama hicho hakiruhusiwi kuuzwa huko mpaka awepo ndani ya Umoja "mtu anayewajibika".

Maneno haya mawili yanatoka katika Kanuni ya Jumla ya Usalama wa Bidhaa, namba 2023/988, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 2001. Inatumika katika nchi zote 27 za Umoja, na Ireland Kaskazini pia. Muuzaji wa Mombasa hukutana nayo pale jukwaa analouzia linapomletea fomu yenye nafasi ya jina, anwani ya posta na barua pepe ya mtu aliye Ulaya. Anwani ya Majengo au Bamburi haitoshi hapo, hata kama wewe ndiwe mtengenezaji na jina lako tayari limeandikwa.

Mtu huyu ni nani hasa? Wengine humwita wakala, lakini wakala tunayemjua sisi hutafuta wateja na kula kamisheni. Huyu wala hauzi. Anakaribiana zaidi na mdhamini, yule anayesimama mbele ya hakimu na kusema, "Mkimhitaji, niulizeni mimi." Tofauti ni kwamba kuwepo kwake hakukuondolei wewe lawama. Kazi yake ni kuhakikisha karatasi za bidhaa zipo na zinaweza kutolewa zikitakiwa, kukagua mara kwa mara kama bidhaa inalingana na karatasi hizo, na kuwaarifu wakaguzi akijua kuna hatari. Jina na anwani yake lazima vionekane kwenye bidhaa, au kifurushi, au karatasi inayofuatana nacho, na pia kwenye tangazo lenyewe mtandaoni.

Sababu yake naiona ni ya haki, hata kama inauma. Duka la Biashara Street lina mlango. Kanga ikichuja rangi, mteja anarudi nayo mkononi na sauti juu. Duka la mtandaoni halina mlango. Wakaguzi wa Ulaya walikuwa wakikamata chaja inayoungua au mwanasesere anayemkaba mtoto, wakitafuta wa kumuuliza wanakuta jina la duka na picha tu. Kanuni imewalazimisha wauzaji wa mbali waweke mlango mahali mkaguzi anapoweza kuubisha.

Si kila muuzaji wa mtandaoni anayeguswa. Kinachoangaliwa ni kama tangazo limewalenga wateja wa Ulaya: unakubali kutuma huko, unaweka bei kwa yuro, unaandika kwa lugha yao. Anayeuza kwa WhatsApp kwa wateja wa Likoni na Mtwapa pekee anaweza kuendelea zake. Vitu vya kale navyo vimeachwa nje. Sanduku la kizamani la misumari ya shaba halitadaiwa mdhamini, lile lililochongwa mwaka jana kwa mfano wake litadaiwa.

Mzigo wenyewe uko kwenye karatasi. Mtengenezaji anatakiwa apime hatari za bidhaa yake, aandike alichokiona na alichokifanya kuipunguza, na aitunze kumbukumbu hiyo miaka 10. Kwa chetezo si hesabu ya roketi. Je, kikijaa makaa, ukingo unashikika? Kitako ni kipana kiasi gani, kikipigwa na pindo la buibui kinapinduka? Udongo unapasuka kwa joto? Mnunuzi wa Munich, ambaye hajawahi kuona makaa yakitiwa ubani, anajua kwamba moshi wa makaa kwenye chumba kilichofungwa madirisha wakati wa baridi unaweza kuua? Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na mfinyanzi wa kwetu hawezi kulifikiria kwa urahisi kwa sababu nyumba zetu hupitisha upepo. Onyo hilo liandikwe kwa lugha ambayo nchi ya mteja imeikubali. Pamoja nalo iwepo alama ya kuitambua bidhaa, kama namba ya fungu au aina, na picha yake kwenye tangazo.

Sasa fanya hesabu. Kiwanda kinachotoa maelfu ya vyetezo vya mfano mmoja kinaandika faili moja. Wewe una vya duara, vya miguu mitatu, vya kifuniko, vinne vinne kila aina, na kila aina inataka maelezo yake. Kanuni haina msamaha kwa mdogo. Faili la kitu cha yuro 15 linaweza kugharimu kazi sawa na faili la kitu cha yuro 500, na kampuni za Ulaya zinazojitolea kuwa mdhamini hazifanyi hivyo bure. Hapa ndipo sikubaliani na walioitunga: usalama wa mteja ni uleule, lakini gharama imemwangukia zaidi anayetengeneza vichache kwa mkono.

Njia ya mkato iliyo halali ipo. Ukimuuzia mwenye duka wa Amsterdam kwa jumla, yeye ndiye mwagizaji, na mwagizaji aliye ndani ya Umoja anahesabika kuwa mtu anayewajibika. Utabaki na wajibu wa mtengenezaji, ila hutatafuta mdhamini mwingine. Njia ya pili ni kumpa mtu aishiye huko idhini ya maandishi, na familia nyingi za Pwani zina ndugu Ujerumani au Italia. Lakini mwambie binamu ukweli kabla hajakubali: anwani ya nyumba yake itasomwa na kila mnunuzi, na barua ya mkaguzi itaingia kwenye sanduku lake.

Bidhaa nyingine zina sheria zao juu ya hii. Mwanasesere wa kanga ni kitu cha kuchezea, hivyo anahitaji alama ya CE, yaani tamko la mtengenezaji kwamba bidhaa imetimiza masharti ya Ulaya, na macho ya shanga yanayong'oka hayaruhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Hina na sabuni ziko chini ya sheria ya vipodozi. Piko tunalojipaka harusini lina dawa ya kutia nywele rangi ambayo Ulaya hairuhusu kupakwa kwenye ngozi. Usijaribu hata kulituma.

Nyumbani je? Hapa mtu anayewajibika ni wewe, hata kama hakuna anayekuita hivyo. Bidhaa zinazoingia Kilindini, tangu 2005, zinatakiwa zikaguliwe zinakotoka na kuja na cheti cha kulingana na viwango, chini ya mpango wa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Zinazotengenezwa nchini huwekwa alama ya ubora ya shirika hilo, na mteja anaweza kuhakikisha namba ya kibali kwa kutuma ujumbe kwenda 20023. Anayeleta chaja kutoka Uchina katika mzigo wa kuchanganya na wenzake, kisha akaziuza kwenye hadhi (status) ya WhatsApp, mara nyingi hana cheti mkononi. Kiko kwa mkusanya mizigo, kama kipo. Akidhani hilo linamweka pembeni, anakosea. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia akiumizwa na kasoro. Chaja ikiunguza godoro kule Kisauni, mteja hatamtafuta mtengenezaji wa Guangzhou. Atafungua simu na kutafuta jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa.