Kuchoma CD ya kuwashia kompyuta: faili la ISO ni nini hasa?

Kuchoma CD ya kuwashia kompyuta ni kuyahamisha yaliyomo ndani ya faili la taswira, ambalo kwa kawaida jina lake huishia na .iso, hadi kwenye CD au DVD tupu, kila baiti ikikaa mahali pake, ili kompyuta ianzie humo badala ya kuanzia kwenye diski yake yenyewe. Neno kuchoma halikutumika kwa mzaha. Leza ya kiendeshi huunguza kweli tabaka jembamba la rangi lililomo ndani ya CD-R, na alama zinazobaki ndizo data, kwa hiyo CD ya aina hiyo ikiharibika katikati ya kazi haifutiki tena.

Linalowapotosha wengi ni neno taswira, kwa sababu humfanya mtu afikirie picha. Faili la ISO ni CD nzima iliyokunjwa ndani ya faili moja, pamoja na mpangilio wake wote, hata sehemu zilizo tupu. Anayelikokota na kulidondosha kwenye CD kama anavyofanya kwa nyimbo au barua ametumbukiza mfuko wa unga kwenye maji yanayochemka bila kuufungua, kisha anashangaa ugali hauivi. Tuchukue Ubuntu 12.04, mfumo endeshi ambao bado ulitosha kwenye CD ya megabaiti 700. Ukiifungua CD yako ukaona jina moja tu, ubuntu-12.04-desktop-i386.iso, basi umenakili, hujachoma. Ukiona folda za casper na isolinux pamoja na mafaili mengine kadhaa, taswira imefunguliwa ipasavyo.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu kompyuta inayoamka haijui folda wala majina ya mafaili. Kiwango cha ISO 9660, kilichotolewa mwaka 1988, huigawa CD katika sekta za baiti 2,048 kila moja. Sekta 16 za mwanzo, yaani namba 0 hadi 15, kiliziacha wazi kwa matumizi ya mfumo, na namba 16 ikapewa maelezo ya CD yenyewe. Mwaka 1995 kampuni za Phoenix Technologies na IBM ziliongeza juu yake utaratibu uitwao El Torito, ambao huielekeza BIOS, yaani programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, iende moja kwa moja hadi sekta namba 17, isome hapo anwani ya orodha ya uanzishaji, na kutoka kwenye orodha hiyo ijue ile programu ndogo ya kwanza imelala wapi. Kompyuta za UEFI, mrithi wa BIOS, nazo hupitia orodha hiyo hiyo, ila hutafuta humo ingizo lao. Faili likinakiliwa tu, sekta ya 17 ya taswira husukumwa ndani zaidi, na BIOS ikifika pale ilipoagizwa haikuti kitu inachokijua, hivyo huipita CD na kuwasha mfumo wa zamani kana kwamba hukuweka chochote.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Kuanzia Windows 7, unabofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kuchoma taswira, bila programu ya ziada. Kabla ya kuchoma ni vyema kulinganisha alama ya SHA256 ya faili ulilopakua, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo, na ile iliyotolewa na watengenezaji, maana faili lililokatika njiani huchomwa vizuri tu na kukwama katikati ya usakinishaji. Hili watu hulipuuza, nami naona ndilo linalowapotezea CD nyingi kuliko kasi ya kuchoma.

Tangu Ubuntu 12.10, iliyotoka Oktoba 2012, taswira yake haitoshi tena kwenye CD, hivyo ikalazimu DVD au flashi. Kwenye flashi kanuni haibadiliki: faili huandikwa kwa programu kama Rufus, halidondoshwi. Flashi, hata hivyo, haifuati El Torito, kwani BIOS huisoma kama diski ya kawaida na kutafuta maagizo mwanzoni kabisa. Watengenezaji wa Linux, familia ya mifumo ambamo Ubuntu imo, walilitatua hilo kwa kuyaweka maagizo hayo ndani ya zile sekta 16 zilizoachwa wazi mwaka 1988, na ndiyo sababu faili moja la ISO leo huweza kuwasha kompyuta likiwa kwenye DVD na pia likiwa kwenye flashi.