Rupia ya Mjerumani: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba rupia ya Mjerumani, sarafu ya fedha iliyotumika Afrika Mashariki enzi za utawala wa Wajerumani, ina zebaki ndani yake, eti yenye nguvu za pekee. Haina. Sehemu 11 kati ya 12 ni madini ya fedha, iliyobaki ni shaba. Rupia moja ina gramu 11.66, sawa na rupia ya India, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa imezoeleka sokoni pwani nzima. Anayekutoza ada ya "kupima nguvu" za sarafu anakuibia mchana kweupe, na inauma kuona wazee waliorithi vipande vichache wakilengwa hivyo.

Wengine husema kila rupia ni adimu, na ya mwaka 1890 ndiyo ghali kupita zote kwa sababu ni ya kwanza. Umri pekee hauleti thamani. Kinachotafutwa kweli ni rupia mbili, sarafu kubwa ya gramu 23.3 hivi, iliyotolewa miaka miwili tu: vipande 33,000 hivi mwaka 1893 na 18,000 hivi mwaka 1894. Rupia moja zilitengenezwa nyingi zaidi, na zile za kuanzia 1904 zilitolewa kwa mamilioni.

Je, zote ni za serikali? Hapana. Hadi 1902 zilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ingawa dola ya Ujerumani ilishatwaa utawala mwaka 1891 baada ya vita vya Abushiri. Ndiyo maana rupia za awali zina jina la kampuni, pamoja na simba na mtende. Mwenye kofia ya tai upande wa pili ni Kaisari Wilhelm II. Si gavana, kama wengi wanavyodhani.

Halafu kuna hili la kuisugua kwa limau na majivu ing'ae. Tafadhali usifanye! Weusi ule ni tabaka la asili la fedha iliyokaa miaka mingi. Ukiuondoa, mkusanyaji hushusha bei papo hapo.

Wapo pia wanaosema sumaku hutambua rupia bandia; nusu tu ya wanayosema ni sahihi. Ikinasa, ni bandia. Isiponasa, bado hujathibitisha kitu, maana hata shaba nyeupe, yaani shaba iliyochanganywa na nikeli, hainasi. Ipeleke kwenye mizani ya sonara, ulinganishe uzito na ule wa asili.