Miguu ya Chipu na Mashimo ya Bao

Katika karakana yetu ya elektroniki hapa Unguja, mwanafunzi mgeni hupewa chipu kuukuu ya kumbukumbu yenye maandishi 27C256 mgongoni, aseme inabeba data kiasi gani. Wengi hujibu haraka: kilobaiti 256. Wamesoma maandishi, miguu hawakuihesabu.

Tuliache hilo kidogo, twende barazani Mji Mkongwe panapochezwa bao. Bao lina mashimo 32. Nimechagua shimo moja moyoni, wewe lifichue kwa maswali ya ndiyo au siyo. Upande wangu? Yamebaki 16. Safu ya mbele? Manane. Nusu ya kulia? Manne. Maswali mawili tena, umelipata. Jumla matano. Na bao lingekuwa na mashimo 64, ungeongeza swali moja tu.

Miguu ya chipu huitwa pini, na pini za anwani, zile zinazochagua shimo la kumbukumbu, ndizo maswali hayo. Kila moja hujibiwa kwa umeme wa juu au wa chini, yaani 1 au 0. Chipu yetu inazo 15, A0 hadi A14. Zidisha mbili kwa mbili mpaka zitimie mbili 15, upate mashimo 32,768. Pini za data, nazo, zinaonyesha kila shimo linashika biti ngapi, yaani 1 au 0 ngapi. Hapa ziko 8, kwa hiyo kila shimo ni baiti moja. Basi chipu ni ya kilobaiti 32 (kilo hapa ni 1,024), na ile 256 ya mgongoni ni kilobiti: 32 mara 8. Miguu mitano iliyobaki kati ya 28 ni ya umeme na ya kuiamrisha chipu. Haiongezi ujazo hata chembe.

Hesabu hii ina mtego, na mimi mwenyewe ulininasa nilipoanza kazi. Chipu ya 4164 ina pini 8 tu za anwani, ukikokotoa unapata 256. Kumbe ina mashimo 65,536! Anwani huingia kwa awamu mbili katika pini zilezile: kwanza safu, kisha shimo ndani ya safu. Nane na nane, 16. Ila kila shimo lina biti moja, ndiyo maana chipu hizo zilipangwa nane ubavu kwa ubavu kupata kilobaiti 64.

Ukikutana na chipu ya kumbukumbu ya 24C256 yenye miguu 8, usihangaike kuhesabu. Anwani yake hupita biti moja moja kwenye waya uleule wa data, na zile A0, A1 na A2 zake ni za kuitofautisha na chipu wenzake, si za kutafutia shimo.